Kinshasa Succursale: Tawi la Nini?

Miaka michache baada ya kutoa albamu yake ya kwanza, Hotel Impala, mwaka 2007, rapa Baloji alikwenda Kinshasa kuzipiga upya baadhi ya nyimbo zake pamoja na wanamuziki wa huko. Albamu iliyotokana na safari hiyo, Kinshasa Succursale, imeacha swali ambalo bado linafaa kujadiliwa: je, hii ni hip-hop ya Kongo inayosema Kifaransa, au ni hip-hop ya Ubelgiji iliyokwenda Kongo kutafuta midundo?

Wanaoshika upande wa pili wana hoja nzito. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo, akakulia Liège, na umaarufu wake wa kwanza aliupata huko katika kundi la rap la Starflam. Asili yake ni Katanga, eneo la Lubumbashi, inakosemwa Kiswahili, ilhali Kinshasa ni mji wa Kilingala. Mashairi yake, tena, ni ya Kifaransa chenye mafumbo na mizunguko mingi, kiasi kwamba kijana wa Masina, mtaa wa Kinshasa, anayeucheza mdundo vizuri kabisa anaweza kupitwa na nusu ya maneno. Hata jina la albamu linawapa wakosoaji silaha, kwa maana succursale ni tawi, kama tawi la benki, na tawi huwa na makao makuu mahali pengine. Mimi nalisoma jina hilo kama ungamo la mtu anayejua kwamba anarudi nyumbani kwa mlango wa wageni, na kwa sababu hiyo silioni kuwa kosa.

Upande wa kwanza unapata nguvu zake katika muziki wenyewe. Katika "Karibu ya Bintou", likembe za kundi la Konono N°1, ala ya vidole iliyo ndugu wa ilimba ya Wagogo, zimepitishwa kwenye vipaza sauti mpaka zinakwaruza, na ndizo zinazouendesha wimbo; rapa ndiye anayelazimika kuyapanga maneno yake yafuate mwendo wao. Mtu aliyekuja kuchukua pambo tu angezipunguza sauti na kuziweka nyuma. Kuhusu Kifaransa, hoja ya ugeni haifiki mbali: ndiyo lugha rasmi ya Kongo, lugha ya darasani na ya mahakamani, na Wakongo wameandika na kuimba kwayo kwa vizazi kadhaa bila kumwomba mtu ruhusa.

Hata hivyo, wimbo unaonifanya nisite kutoa hukumu ni "Le jour d'après / Siku ya baadaye". Umejengwa juu ya "Indépendance Cha Cha", wimbo ambao mwanamuziki Grand Kallé na bendi yake African Jazz waliutoa mwaka 1960, wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa Brussels katika mkutano wa meza ya duara wa kujadili uhuru, na ambao ulivuka mipaka hadi ukawa kama wimbo wa uhuru wa nchi nyingi za Afrika. Baloji aliurudia taifa lilipotimiza miaka 50. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba pande mbili za jina hilo hazisemi jambo moja. Kifaransa kinazungumzia siku iliyofuata, asubuhi ya baada ya sherehe, pale mtu anapohesabu hasara; Kiswahili kinatazama mbele, kwenye siku ambayo bado haijafika. Sijui kazi nyingi za hip-hop zilizobeba masikitiko na tumaini katika kichwa kimoja cha wimbo kwa namna hii.

Na hapo ndipo ninapokuwa na lalamiko langu la dhati. Kiswahili kimepewa nafasi mlangoni, kwenye majina ya nyimbo, lakini beti zenyewe zimebaki karibu zote kwa Kifaransa. Ubeti mmoja mrefu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya mji aliozaliwa, ungeipa ile siku ya baadaye mtu wa kuisimulia.