Saa elfu nne za kufanya nini?

Majira ya kuchipua na ya vuli, vinu vya nyuklia vya Marekani huzimwa kimoja baada ya kingine ili vibadilishwe fueli, na sisi mafundi wa kinga ya mionzi tunaohamahama tunafunga mabegi na kuvifuata. Tukikutana kwenye chumba cha chai, mazungumzo ni yaleyale: wewe una saa ngapi?

Saa hizo za uzoefu kazini zinatokana na kiwango cha zamani, ANSI N18.1 cha mwaka 1971, ambacho kinataka fundi wa kutegemewa awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili katika fani yake. Mwaka mmoja huhesabiwa kuwa saa 2,000, kwa hiyo ukifikisha 4,000 unaacha kuwa jinia, yaani fundi mchanga, na kuwa sinia, fundi mwandamizi (si lile la pilau), na malipo yanapanda. Sasa piga hesabu. Kinu kimoja kikizimwa wiki nne, ukafanya saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, unapata saa 288. Ukibahatika kupata vinu vinne kwa mwaka, ni 1,152. Miaka miwili ya kwenye karatasi inakula karibu mitatu na nusu ya maisha yako.

Muda huo mimi siulalamikii. Kinachoniudhi ni kwamba huulizwi ulikuwa unajifunza nini ndani yake. Kituo kimoja nilichoomba kazi kilifuta saa zangu zote za kusafisha uchafuzi, kazi ya kupiga magoti na kusugua sakafu huku ukijifunza kwa mikono yako uchafu wa mionzi unavyohama kutoka buti hadi kitasa cha mlango. Lakini saa nilizokaa kwenye kiti pale mlango wa kutokea, nikitazama watu wakipita kwenye mashine ya kupima uchafu wa mionzi, walizikubali zote bila swali. Hapo nilichojifunza hasa ni kuvumilia usingizi.

Linganisha na asubuhi moja chini ya jukwaa la jenereta ya mvuke. Karatasi ya vipimo vya usiku ilisema milirem 80 kwa saa (milirem ni kizio cha dozi ya mionzi) mahali ambapo mafundi wa mabomba walitakiwa kulala chali wafungue vali. Nilikuwa nimeshaanza kuwapa maelezo ya kazi. Mama mmoja, sinia wa miaka mingi, akaniuliza kwa upole kama lile bomba bado lina maji. Sikujua. Akaniambia nipime tena. Nikarefusha fimbo ya kipimo, mshale ukapanda ukasimama kwenye 300. Usiku walikuwa wametoa maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yanaikinga mionzi iliyo ndani ya bomba. Lile lilikuwa eneo la mionzi mikali, maana mpaka wake ni milirem 100 kwa saa kwa umbali wa sentimita 30, na kazi ikasimama mpaka tukaweka blanketi za madini ya risasi za kuikinga mionzi. Kwenye rekodi yangu siku hiyo ni saa 12, sawa na siku ya kukaa kwenye kiti.

Utaniambia upo mtihani wa NRRPT, ule wa usajili wa kitaifa ulioanza miaka ya sabini. Upo, na ni mgumu. Lakini kusajiliwa ni heshima, si leseni, na wengi wanafanya kazi hii mpaka wanastaafu bila kuwa nayo.

Ndugu kutoka nyumbani huniuliza kama miaka yao ya hospitali itahesabiwa. Wa eksirei namjibu bila kumficha: mashine yako ukiizima, mionzi imekwisha, hujawahi kuivua nguo iliyochafuka. Kwa maoni yangu apewe kidogo, asipewe sifuri. Wa tiba ya nyuklia ni habari nyingine. Huyo anashika teknishiamu-99m, ambayo nusu yake huisha kwa saa sita, na iodini-131 ya siku nane, na anajua maana ya kupima mikono kabla ya kula. Wa mwisho aliyeniandikia nilimwambia aandike wasifu wake upya. Afute ile “miaka sita, idara ya tiba ya nyuklia”, aandike iodini imemwagika mara ngapi mbele yake, alifunga mlango upi, alisafisha kwa kutumia nini, na kipimo kilisomaje alipomaliza. Bado hajanirudishia.