Mume wa Barbara Windsor hakumwaibisha mkewe

Wiki iliyopita binamu yangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba Mama Mkubwa amesahau jina la mtaa alioishi miaka 40, kwamba usiku anaamka na kufunga nguo kwenye kanga akisema anarudi kwao, na kwamba yeye peke yake hawezi tena. Aliomba watu wa kupokezana naye. Ujumbe haukukaa hata nusu saa. Mjomba, ambaye ndiye anayelisimamia kundi, aliufuta na kuandika: "Wanangu, mambo ya ndani hayaanikwi juani. Mnamwaibisha dada yangu." Wakafuatana wa "kweli kabisa mzee", mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa kazini, zamu ya usiku, nikasoma na kunyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Ninatunza wazee hapa Uingereza, wengi wao wa ugonjwa huohuo wa kusahau. Sebuleni kwetu EastEnders, tamthilia ya BBC, ikianza saa moja na nusu jioni, viti hugeuzwa kuelekea televisheni. Ndiyo maana, niliposoma maneno ya Mjomba, aliyenijia kichwani ni Barbara Windsor, mwigizaji wa tamthilia hiyo.

Alizaliwa Shoreditch, London ya mashariki, Agosti 1937, akiitwa Barbara Deeks. Alipanda jukwaani akiwa na miaka 13. Alipikwa na Joan Littlewood, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, pale Stratford, London hiyohiyo ya mashariki, na mwaka 1965 aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kule Marekani kwa kazi ya jukwaani. Lakini nchi nzima ilimjua kwa filamu tisa za vichekesho za Carry On: kicheko chake, kifua chake, na ile sidiria ya bikini iliyochomoka kwenye Carry On Camping ya mwaka 1969. Mwigizaji wa kweli kabisa, na kwa miaka mingi watu walitazama mwili wake tu.

Alikuwa na miaka 57 alipopewa nafasi ya Peggy Mitchell kwenye EastEnders mwaka 1994. Umri huo wanawake wengi wa fani yake huwa wameshaambiwa waende nyumbani. Peggy, mwenye baa ya Queen Vic, mama yao Phil na Grant, mfupi kuliko karibu kila mtu aliyemkaripia, na anaposema "Toka kwenye baa yangu!" mtu anatoka. Walimwandikia hadithi ya saratani ya matiti, hadi kukatwa titi, na akaibeba bila kuipamba. Malkia alimpa cheo cha Dame mwaka 2016, na kwa maoni yangu kilichelewa.

Sasa sikilizeni tarehe, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Aprili 2014 madaktari walimwambia ana Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Kifo cha Peggy kilionyeshwa Mei 2016. Yaani mwanamke anaambiwa kumbukumbu zake zinakwisha, halafu anarudi kwenye kazi ambayo mtaji wake ni kumbukumbu. Anajifunza mistari. Anaketi na Pam St Clement, aliyekuja kama mzuka wa Pat, rafiki na hasimu wake wa miaka yote, na wawili hao wanaagana. Watazamaji walimlilia Peggy. Hawakujua kwamba aliyekuwa mbele yao naye alikuwa anaaga kitu chake mwenyewe.

Mimi najua kidogo siri hiyo inavyochosha. Si kwa mgonjwa tu. Anayemtunza ndiye anayekuwa mlinzi wa mlango. Simu ikiita anajibu yeye, "amelala". Wageni wakija anawahi kumalizia sentensi ambazo mgonjwa ameziacha katikati. Mialiko inakataliwa, marafiki wanadhani wamechukiwa, wanaacha kuja, na nyumba inabaki na watu wawili, mmoja anasahau na mwingine halali. Kuna binti aliyemleta mama yake kwetu baada ya kumficha miaka mitatu. Tulipompokea mama, binti alikaa kwenye korido akalala usingizi hapohapo, mkoba ukiwa bado begani. Hakuna aliyemwamsha. Ndugu zake walikuja kumtazama mama mwezi uliofuata, na mama hakumjua hata mmoja. Miaka ile mitatu aliyokuwa bado anawajua, waliambiwa "yupo, mzima tu".

Hicho ndicho ninachotaka Mjomba akione. Muda ambao mtu bado anakujua ni mfupi, na siri inaula wote.

Scott Mitchell, mume wa Barbara, mdogo wake kwa miaka 26, alisema hadharani Mei 2018, miaka minne baada ya majibu ya daktari. Hali ilikuwa imezidi na watu walikuwa wameanza kuona. Baada ya hapo Barbara hakuwa tena mtu wa kufichwa. Mwaka 2019 waigizaji wenzake wa EastEnders walikimbia London Marathon pamoja na Scott kuchangisha fedha za utafiti. Septemba mwaka huohuo Barbara mwenyewe, akiwa na miaka 82, alikwenda na mumewe Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, kumdai huduma bora kwa wagonjwa kama yeye. Aliingia makazi ya kutunzia wazee mwaka 2020, akafariki Desemba 10 mwaka huo. Mwaka 2022 serikali ilianzisha mpango wa utafiti wa ugonjwa huu wenye jina lake, pauni milioni 95. Mwanamke waliyemjua kwa sidiria! Aibu iko wapi hapo, Mjomba?

Nakubali kwa shingo upande kwamba Mjomba ana hoja moja. Wapo wanaowarekodi wazazi wao wakipayuka na kuzirusha video ili wapate wa kuwafuata. Huo ni unyama, na mimi ningewafutia pia. Lakini binamu yangu hakurusha video. Aliomba zamu.

Na kwetu siri hii ina bei nyingine ambayo Barbara hakuilipa. Bibi anayezungumza peke yake usiku, anayekutwa alfajiri kwenye uwanja wa jirani asijue alifikaje, jirani asipoambiwa kwamba ni ugonjwa atajitafutia maelezo yake. Shinyanga tunajua, Kilifi tunajua, vikongwe wameuawa wakiitwa wachawi. Kumwambia jirani ni kumlinda Mama Mkubwa.

Ni Mjomba mwenyewe aliyekuwa akituambia tukiwa wadogo, tulipoficha vidonda vya magotini, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alitushika miguu, akaviosha vidonda kwa maji ya chumvi, tukalia, vikapona. Nampenda sana mzee huyu. Nafahamu pia anachokiogopa: Mama Mkubwa ndiye aliyemlea baada ya bibi kufariki, na siku atakapomuuliza "wewe nani?" sijui atasimamaje.

Kwa hiyo jana usiku, mapumziko ya zamu, niliuandika upya ujumbe wa binamu yangu na kuurudisha kundini. Mjomba, shikamoo. Mama Mkubwa anaumwa ugonjwa wa kusahau. Jumanne na Alhamisi hakuna mtu wa kukaa naye kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Nauli nitatuma mimi. Anapenda kuchambua mchele, na ukianza wimbo wa kwaya yao ya zamani anaumalizia wote, beti zote nne.