Matokeo ya jaribio ambalo halikufanyika

Nimeshika daftari la sayansi la mpwa wangu, yuko la sita shule ya serikali hapa nje kidogo ya mji, nikakuta jaribio la uotaji wa mbegu limeandikwa vizuuuri, vifaa, hatua, matokeo, hitimisho, na mwalimu kaweka vema. Nikamuuliza, mbegu zenu zilichukua siku ngapi kuota? Akanishangaa. "Anko, hatukupanda, tulinakili ubaoni."

Mtu mzima akipeleka ripoti ya hivyo kazini anaundiwa tume, mtoto anapewa vema!

Na msiniletee habari za maabara. Enzi za Kikwete tulichangishwa hapa za maabara tatu kila sekondari ya kata, sitaki kuanza kuuliza ngapi zimegeuka stoo ya madawati mabovu. Hii ni mbegu jamani, mtama, kwenye kopo.

Kinachoniuma ni kwamba hii ni Dodoma. Hawa watoto kila msimu wanapanda uwele na mama zao kabla mvua haijaja, wanajua kabisa mbegu inakaa kwenye vumbi siku kibao haifanyi kitu mpaka inyeshe, yani nusu ya jaribio wanalo kichwani tayari, hakuna anayewauliza kwa nini. Halafu kuna kuberega, yani kupanda bila kulima kwanza. Mabwana shamba wanapiga kelele watu waache, wazee wanajibu mbona babu aliberega na akavuna. Sasa si wapewe la sita kipande cha shamba la shule, mistari mitano waberege, mitano watifue waweke samadi, kila Ijumaa wapime urefu kwa rula waandike, mwisho wapime na mavuno kwenye mzani? Hapo una sayansi, hesabu na grafu, na baba nyumbani hana pa kubishia maana aliyepima ni mwanae.

Eti shamba la shule lipo, watoto wanalima. Wanalima kwa adhabu! Umechelewa namba ya asubuhi, shika jembe. Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea yake ya 1967 alitaka wanafunzi washiriki hadi kupanga kazi za shamba, sisi tukabakiza jembe tu.

Haya, walimu nawaelewa, kidogo. Darasa limefurika, ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka mzima, mthibiti ubora, yani mkaguzi wa shule, akija anataka andalio la somo, mbegu haulizii, na mtihani wa la saba wenyewe sehemu kubwa ni kusiliba herufi ya jibu kwa penseli. Mtaala mpya ulioanza 2024 umejaa vitendo na umahiri, sawa, tumesikia, kwenye karatasi tuko vizuri siku zote.

Ila mkuu wa shule yeyote wa Chamwino, Bahi au hapa jijini unayesoma hii, makopo ninayo gunia zima na samadi nitaleta kwa bajaji yangu, nicheki inbox kabla ya Desemba.