Cholmondeley: jina la Cheshire lililofika Bonde la Ufa

Kenya nzima inalijua jina Delamere. Liko kwenye yogati, liko Naivasha kando ya barabara ya Nakuru ambapo wasafiri husimama kununua maziwa. Ila Delamere ni jina la cheo tu. Ukoo wenyewe ni Cholmondeley, jina adimu hata kwao Uingereza, na hutamkwa "Chamli".

Asili yake ni kijiji kilicho karibu na Malpas, jimbo la Cheshire. Domesday, daftari la ardhi la mwaka 1086, linakiita Calmundelei, yaani mahali palipofyekwa msituni pa mtu aitwaye Ceolmund. Jina hilo ndilo alama pekee aliyotuachia Ceolmund. Wanormani walipoiteka nchi, ardhi ilipata mabwana wapya, na kwa mujibu wa nasaba za Cheshire, Robert wa ukoo wa mabwana wa Malpas alirithi kijiji hicho, akajiita kwa jina la kijiji. Jamaa zake waliopata kijiji jirani cha Egerton wakawa akina Egerton. Naam, ndio hao wa chuo cha Njoro.

Ndiyo maana nasema majina haya yalikuwa hati ya ardhi kabla hayajawa majina ya watu. Nisba ya Shirazi au Hadhrami hudai asili ya mtu. Cholmondeley ilitangaza alichomiliki.

Tabia hiyo ilisafiri. Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa tatu, alifika nyanda zetu za juu mwaka 1897 akitokea Somalia. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata, Wamaasai walitiwa kwenye mkataba uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Baadaye akapata Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ambako jina la Kimaasai halikung'oka. Naye Maurice Egerton akaanzisha shule ya kilimo Njoro mwaka 1939. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Delamere Avenue ya Nairobi kugeuzwa Kenyatta Avenue kulikuwa haki kabisa. Egerton sitaki ifutwe, kwa kuwa vizazi vya wakulima na walimu vimelifanya jina hilo kuwa lao. Ninachodai ni kwamba kila anayesoma pale afundishwe habari za Malpas na za mkataba wa 1904 katika somo moja, tena mwaka wake wa kwanza.