Kengele, mbayuwayu na wafalme wasioona haya

Kengele ilikuwa ya waasi wa Valencia. Waliisubu wenyewe, wakawa wanaigonga kuitana mkutanoni. Mwaka 1348 Mfalme Pere wa Aragon, dola iliyokuwa mashariki mwa Hispania ya leo ikiwa na Valencia na Katalunya ndani yake, aliyebandikwa jina la Mpenda Itifaki, alipowashinda, iliamriwa kengele ile iyeyushwe na baadhi yao wanyweshwe madini yake yakiwa moto. Habari hii hatukuipata kwa adui wa mfalme. Imo katika kitabu chake mwenyewe, na anaieleza kwa utulivu kabisa: ilikuwa haki waliotengeneza kengele wanywe maji yake.

Kitabu hicho ni kimoja kati ya vinne ambavyo Wakatalani, watu wa Katalunya, huviita kroniki zao kuu, yaani vitabu vya mambo ya nyakati. Cha kwanza ni cha Mfalme Jaume I, aliyeteka kisiwa cha Mallorca na Valencia. Cha pili ni cha Bernat Desclot, mwandishi makini ambaye maisha yake hatuyajui sana. Cha tatu ni cha Ramon Muntaner, askari. Cha nne ndicho hicho cha Pere. Nimevisoma kwa miaka, na kila mara nikimtajia mtu huniuliza swali lile lile: je, ni kweli au ni propaganda? Mimi naona swali hilo linatupotezea muda. Uongo unatafutika na hatimaye unapatikana. Kinachofaa kutazamwa ni kile ambacho mwandishi amekiandika bila haya, kwa sababu hapo ndipo unapoiona dola inavyojifikiria ikiwa peke yake chumbani.

Mchukue Jaume. Anajiita “Sisi” tangu mwanzo hadi mwisho, kama wafalme walivyozoea, lakini ukimsoma unamsikia mtu mmoja anasimulia. Anasema mbayuwayu alikuja kujenga kiota juu ya hema lake wakati wa vita vya Valencia. Jeshi lilipotaka kuondoka, mfalme akaamuru hema lisiguswe mpaka ndege yule aruke na makinda yake, kwa kuwa alikuja akiwaamini wao. Ni maneno mazuri na sina sababu ya kuyatilia shaka. Na Valencia iliposalimu amri mwaka 1238, anasema alipoiona bendera yake juu ya mnara alishuka farasini, akageukia mashariki, akalia na kubusu ardhi. Waislamu walipokuwa wakitoka mjini na mizigo yao, aliwapiga vibaya watu wake waliotaka kuwanyang'anya nguo na kuwaiba wanawake na watoto.

Sasa rudi nyuma miaka tisa, tarehe 31 Desemba 1229, siku majeshi yake yalipouvunja mji wa Mallorca ambao leo unaitwa Palma. Mfalme yule yule anahesabu watu wapatao 20,000 waliokufa wakati wa kuingia mjini. Anaitaja hesabu hiyo na kupita. Baada ya hapo yanakuja mambo ya ngawira, mnada wake na ugomvi uliozuka kuuhusu. Mbayuwayu ana kisa chake kamili, chenye sababu na huruma. Watu 20,000 wana mstari. Hajaficha kitu, na ndiyo maana ukurasa ule unaniumiza kuliko kama angeficha.

Muntaner ni mtu wa aina nyingine, na nakiri ndiye ninayempenda zaidi. Alizaliwa Peralada mwaka 1265, na alipoanza kuandika mwaka 1325 alikuwa mtu mzima mwenye miaka sitini, akisema mzee aliyevaa mavazi meupe alimtokea ndotoni akamwambia asimulie aliyoyaona. Na aliona mengi. Alikwenda na kundi la askari wa kukodiwa wa Kikatalani kumpigania mfalme wa Bizanti, dola ya Wagiriki yenye makao yake Konstantinopoli, yeye akiwa mtunza daftari na muhuri wao. Kiongozi wao Roger de Flor alipouawa mwaka 1305, kundi lile liliigeukia nchi iliyowaajiri. Muntaner, aliyeachiwa kulinda mji wa Gallipoli, katika Uturuki ya leo, anamtaja mwanamke mmoja aliyekuwa na majeraha matano usoni na bado akipigana ukutani kama hana kidonda. Halafu anasema, kwa fahari, kwamba miaka ile hawakulima wala hawakupanda, wakaishi kwa mazao ya nchi mpaka ikaisha. Mashamba yalikuwa ya nani, hasemi. Huko Balkani jina la Mkatalani lilibaki kuwa laana kwa vizazi.

Nirudi kwa Pere, kwa sababu yeye ndiye anayenipa uhakika wa ninachosema. Alikuwa na waandishi wake. Barua yake ya mwaka 1375 kwa mmoja wao, Bernat Descoll, ipo, na inaonyesha mfalme akisimamia kazi kwa karibu. Jambo la kengele limechukua maneno machache tu. Lakini kumnyang'anya shemeji yake, Jaume III, ufalme wa Mallorca kumechukua sura nzima, ndefu mno, yenye mashtaka, mikutano, viapo na hoja za kisheria zisizokwisha. Mtu hajielezi hivyo kwa jambo lisilomsumbua. Urefu ule ndio haya yake.

Kuna na siasa ya wasomaji. Mistari minne myekundu ya bendera ya Katalunya, wengi walifundishwa, ilichorwa na mfalme wa Wafranki kwa damu ya jeraha la Wilfredo, mkuu wa Barcelona aliyekufa mwaka 897. Hadithi hiyo inaonekana mara ya kwanza kwa mwanahistoria Pere Antoni Beuter mwaka 1551, zaidi ya karne sita baadaye. Kwa upande mwingine, Ferran Soldevila, mwanahistoria Mkatalani aliyepitia uhamishoni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, alizichapisha kroniki zote nne katika juzuu moja mwaka 1971, dikteta Franco, aliyeibana lugha ya Kikatalani, akiwa bado madarakani. Namheshimu sana kwa hilo. Watu ambao lugha yao imebanwa wana haki ya kuvishika vitabu vyake kifuani. Ila kushika kifuani hakutoshi, lazima uvifungue.

Na sasa tunaweza kuvifungua tukiwa na shahidi wa pili. Ibn Amira al-Makhzumi, Mwislamu mzaliwa wa Alzira karibu na Valencia, aliandika kwa Kiarabu habari za kuanguka kwa Mallorca. Kitabu kilidhaniwa kimepotea, mpaka nakala ilipopatikana Tindouf, Algeria, ikatafsiriwa kwa Kikatalani. Yeye anataja waliouawa 24,000. Hesabu mbili za maadui zinakaribiana hivyo, kwa hiyo kuhusu waliokufa hakuna ubishi mkubwa. Tofauti ni kwamba kwake waliokufa ndio kisa.

Kila tarehe 31 Desemba mjini Palma bendera ya ushindi huo hutolewa hadharani, na kila mwaka wapo wanaoishangilia na wapo wanaopinga. Mimi ningependa siku hiyo visomwe vitabu vyote viwili uwanjani, kwa sauti, cha Jaume kwanza na cha Ibn Amira baada yake, hata kama shughuli itachukua mpaka usiku.