Usibadilishe lainingi kabla hujaitazama sili

Mtu akipata trekta la bustani la miaka ya 1960, mkono wake wa kwanza huenda kwenye injini. Namwelewa. Injini iliyonyamaza miaka mingi ikikubali kuwaka, moyo unafurahi. Lakini nina msimamo wangu na siuachi: trekta ambalo halijaweza kusimama lisitembezwe, na kazi ya breki ianzie kwenye giaboksi na ekseli ya nyuma, si kwenye breki yenyewe.

Langu lilinifikia breki yake haishiki. Nikafungua bendi, ule mkanda wa chuma unaobana breki, nikakuta lainingi, yaani kitambaa kigumu cha ndani kinachosuguana ili kusimamisha, imelowa oili, nikaweka mpya na kukaza nati ya kurekebishia. Siku ya kwanza ilishika vizuri sana. Wiki chache baadaye nilikuwa nimelala tena chini ya trekta lile lile, natazama lainingi mpya iliyogeuka nyeusi na kung'aa.

Matrekta mengi ya aina hii hayana breki kwenye magurudumu. Kuna dramu moja ndogo kwenye shafti inayochomoza ubavuni mwa giaboksi, na bendi ya chuma yenye lainingi imeizunguka. Ukikanyaga pedali, bendi inaibana dramu, shafti inasimama, na nguvu ya kushika inafika magurudumuni kupitia gia na difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ni ufundi rahisi na naupenda. Ila fikiria: kati ya lainingi na oili ya gia kuna sili moja tu, pete ya mpira inayozuia oili isitoke kando ya shafti. Mpira huo ukishakakamaa kwa umri, oili inapita. Na lainingi iliyokunywa oili haiponi kwa kufutwa. Utaisafisha, itaonekana kavu, kisha ikipata joto oili iliyojificha ndani inatoka tena.

Ndiyo maana naona kubadilisha lainingi peke yake ni kupoteza lainingi. Kwanza pima kiwango cha oili, maana giaboksi iliyojazwa kupita kiasi huvuja hata kama sili ni nzima. Kama ina tundu la kupumulia, lizibue. Likiziba, joto la kazi linaongeza shinikizo ndani na oili inatafuta pa kutokea. Kisha mwaga oili yote uitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vumbi laini la chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vyenye kingo vinakutaka ulifungue giaboksi lote.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye trekta la namna hii alijue kabla ya kushika jeki. Kwa kuwa breki inashika kupitia difu, ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki haishiki tena, hata ukiikaza vipi. Lililo hewani linazunguka upande mmoja, lililo chini linazunguka upande wa pili, na trekta linaondoka. Kuliacha kwenye gia hakusaidii, sababu ni ile ile. Fanya kazi mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na usiingie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki pekee.

Baada ya hapo inakuja habu, kitovu cha gurudumu kinachokaa kwenye ekseli, ambayo lazima itoke ili uifikie sili ya ekseli, na hapa ndipo matrekta mengi huharibiwa na watu wenye nia njema. Habu iliyoganda kwa kutu haitaki nyundo. Ukigonga kichwa cha ekseli, kinatanuka kama uyoga na habu haitapita tena, na mshtuko wenyewe unakwenda hadi kwenye beringi na difu. Legeza kwanza skrubu inayobana kii, kipande cha chuma kinachofungia habu na ekseli zizunguke pamoja. Piga msasa sehemu ya ekseli iliyo wazi mpaka ing'ae, weka mafuta ya kulegeza kutu, funga kifaa cha kuvutia habu, kaza kiasi, uende ukalale. Kesho kaza tena kidogo. Yangu ya kushoto ilichukua siku 4. Ya kulia ilitoka jioni ile ile. Kii, kile kipande chenye umbo la nusu mwezi, nilikikuta kimelika upande mmoja: habu ilikuwa imecheza muda mrefu kwa sababu skrubu haikukazwa. Kii kipya, bila kusita.

Sili mpya ni kazi ya mikono mitulivu. Mdomo wake, ule ukingo mwembamba unaogusa shafti, unatazama ndani, kwenye oili. Kabla ya kuipitisha, funika mfereji wa kii kwa utepe laini, la sivyo kingo zake zitaukata mdomo na utakuwa umeweka uvujaji mpya. Kama mdomo wa sili ya zamani umechimba mfereji kwenye shafti, iweke mpya mbele au nyuma kidogo, igusie chuma kisicholika.

Lainingi za zamani huenda zina asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Usipulize vumbi lake kwa hewa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa chenye maji, ukitupe kitambaa hicho.

Ukishafunga kila kitu, jaribu breki trekta likienda mbele na likirudi nyuma. Bendi ya aina hii mara nyingi hujibana yenyewe dramu ikizunguka upande mmoja, na upande wa pili hushika kwa unyonge, kwa hiyo jaribio la upande mmoja halikuambii kitu. Mwisho tembea kidogo bila kukanyaga pedali, zima injini, kisha uguse dramu kwa tahadhari. Ikiwa ya moto, umekaza mno. Yangu sasa ni ya baridi, na kitambaa ninachopitisha chini ya sili kinatoka kikavu.