Vihami Joto Katika Betri za Magari ya Umeme: Kinga ya Kweli, Lakini Si Tiba

Seli ya betri ya lithiamu inapopata hitilafu ya ndani, joto lake huzaa joto jingine. Kitenganishi cha plastiki kilichomo ndani huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za sentigredi, pande mbili za seli hugusana, na kuanzia hapo seli hujiunguza yenyewe hata kama gari limezimwa. Kwa kuwa betri ya gari hukusanya mamia au maelfu ya seli zilizobanana, hatari kubwa si seli moja kuungua, bali moto wake kuambukiza seli za jirani.

Hapo ndipo vihami joto vinapoingia. Watengenezaji huweka kati ya seli karatasi za ulanga, nyuzi za kauri au erojeli ya silika, ambayo kwa zaidi ya asilimia 90 ni hewa iliyonaswa katika vitundu vidogo mno kiasi kwamba chembe za hewa haziwezi kusafirisha joto kwa uhuru. Unene wa milimita chache tu huweza kuchelewesha joto lisivuke, na muda huo ni uhai wa watu. Kanuni ya China ya mwaka 2020 ilitaka abiria waonywe angalau dakika 5 kabla ya hatari kuwafikia. Toleo la 2025, lililopangwa kuanza kutumika Julai 2026, linataka betri isiwake moto wala kulipuka kabisa. Ni vigumu kuona betri zenye nikeli nyingi, zinazobeba nishati nyingi lakini huhimili joto kidogo, zikitimiza sharti hilo bila vizuizi madhubuti kati ya seli.

Hata hivyo, wanaosita kutegemea vihami wana hoja nzito. Kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke, hivyo betri iliyofungwa kwa vihami bila mfumo mzuri wa kupoza inaweza kuzeeka haraka kutokana na joto la kawaida la kuchaji na kuendesha. Erojeli ni ghali na hutoa vumbi. Aidha, seli huvimba na kusinyaa kila zinapochajiwa na kutumika, kwa hiyo kihami lazima kivumilie mgandamizo huo kwa miaka mingi bila kupoteza uwezo wake.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kihami hakiondoi chanzo cha moto. Mwaka 2021 General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt yarudishwe, baada ya kubainika kuwa baadhi ya seli zilikuwa na kasoro mbili za kiwandani kwa pamoja: kitenganishi kilichokunjika na kiungo cha upande hasi kilichochanika. Suluhisho lilikuwa kubadilisha sehemu za betri zenyewe. Ndiyo maana wapo wanaoona afadhali fedha zielekezwe kwenye ukaguzi wa viwanda na kwenye seli za chuma na fosfati, ambazo hubeba nishati kidogo kwa uzito uleule lakini huhimili joto zaidi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila seli hizo nazo zikiharibika hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo kuziacha bila kizuizi chochote ni uzembe.

Kwa Afrika Mashariki, ambako magari mengi huingia yakiwa yameshatumika, nadhani kipimo kingine kinahitajika: je, fundi anaweza kuifungua betri hiyo? Baadhi ya betri za Tesla zimejazwa povu la poliurethani linalozishika seli pamoja, na kutoa seli moja mbovu humo ni kazi karibu isiyowezekana. Karatasi ya kihami inayochomoleka humwezesha fundi kuondoa sehemu yenye kasoro kabla haijaleta madhara, na kwa sababu hiyo wanaotunga viwango Nairobi na Dodoma wanapaswa kuuliza juu ya urekebishaji wa betri sambamba na uwezo wake wa kuhimili moto.